Matete ya ufukweni si pori, ni ukuta na ni mali

WAHENGA walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Katika ufukwe wetu wa Ziwa Tanganyika tembo hao ni maji na binadamu. Maji yanapanda kutoka ziwani, binadamu anashuka na jembe kutoka mlimani, na katikati yao yamesimama matete. Kila mwaka matete ndiyo yanayoumia, na kwa mtazamo wangu, watakaolipa gharama yake ni sisi wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kigoma.

Kiangazi kimoja nilikuwa napita kandokando ya bonde la Mto Luiche, kusini mwa Ujiji. Nikamkuta kijana mmoja akichimba mizizi ya matete kwa jembe, huku rundo la matete makavu likiteketea kwa moto pembeni.

"Shikamoo mzee," akanisalimu.

"Marahaba kijana. Pole na kazi. Mbona unayang'oa yote?"

"Ni pori tu hili mzee. Nataka kupanda nyanya na mchicha, maji yako karibu."

"Na mvua zikianza?"

Akacheka. "Mvua zikianza tutajua huko mbele."

Sikuwa na la kumlaumu sana. Ana familia, ana njaa ya ardhi, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba kile anachokiita pori kina kazi. Lakini jibu lake lilinikaa moyoni, kwa sababu "huko mbele" ndiko tulipo sasa. Hoja yangu leo ni moja: tete livunwe kwa panga, lisichimbwe kwa jembe. Tofauti ya vitu hivyo viwili inaonekana ndogo, lakini ndiyo tofauti kati ya ufukwe wenye mali na ufukwe mtupu.

Kwanza tulifahamu tete lenyewe. Wengi wetu tunachanganya matete na mabingobingo tunayolishia ng'ombe. Kwa mbali yanafanana, yote ni marefu na yote hupenda unyevu. Lakini angalia ua lake. Mabingobingo hutoa suke la mviringo, refu kama kidole, lenye nywele zilizoshikamana. Tete hutoa ua lililotawanyika kama mkia wa manyoya, ambalo upepo huliyumbisha. Ukilichana shina la tete utalikuta lina uwazi ndani, limegawanyika kwa vifundo, kama mwanzi mwembamba.

Kwa ukoo, tete ni ndugu wa mahindi, mpunga, mtama, muwa na mwanzi. Zote hizi ni nyasi. Wataalamu wa mimea wanaliita tete letu Phragmites mauritianus. Jina hilo la pili linatokana na Mauritius, kile kisiwa cha Bahari ya Hindi. Alilipa jina hilo Mjerumani aitwaye Kunth, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kwa hiyo nyasi inayoota Luiche, Malagarasi na kwenye mito mingi ya Afrika Mashariki na Kusini, pamoja na Madagaska, inatembea duniani ikiwa na jina la kisiwa.

Liko tete jingine, ndugu yake wa karibu, linaloitwa Phragmites australis, ambalo limeenea karibu dunia nzima. Njia rahisi ya kuyatofautisha ni ncha ya jani. Bonyeza ncha ya jani kwenye kiganja chako. La kwetu ni gumu na linachoma kama sindano. Lile jingine ncha yake ni laini na inajikunja. Mtoto yeyote aliyewahi kupita kwenye matete akiwa kifua wazi anaufahamu mtihani huo bila kwenda shule.

Mtu anaweza kuuliza, mkulima wa Kigoma jina la kisiwa linamhusu nini? Linamhusu. Kwenye kisiwa mmea ukitoweka hakuna jirani wa kuazima mbegu. Na ufukwe wetu, ukiutazama vizuri, una tabia hiyohiyo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Sehemu kubwa ya ukingo wake ni miamba na milima inayotumbukia majini moja kwa moja. Tete haliwezi kuota hapo. Linaota pale tu mto unapomwaga tope, au ghuba inapokuwa tulivu na maji ni mafupi. Kwa hiyo matete yetu si ukanda mmoja mrefu. Ni mafungu mafungu yaliyo mbalimbali, kila fungu ni kama kisiwa chake.

Hapa ndipo penye siri ambayo kila mwenye shamba la ufukweni anapaswa kuijua. Tete hutoa mbegu nyingi, lakini halitegemei mbegu. Mbegu yake inahitaji tope tupu lenye unyevu, lisilofunikwa na maji, kwa muda wa kutosha mche ukue. Nafasi kama hiyo ni adimu. Njia yake kuu ya kuzaliana ni shina linalotambaa chini ya ardhi, mfano wa tangawizi, pamoja na mashina mengine yanayotambaa juu ya mchanga na kutoa mizizi kwenye kila kifundo.

Maana yake ni kwamba fungu zima la matete unaloliona, hata likiwa na ukubwa wa uwanja wa mpira, linaweza kuwa ni mmea mmoja au michache tu iliyojitanua kwa miaka mingi. Ukikata mashina, umenyoa nywele. Ukichimba lile shina la chini, umekata kichwa. Mwaka unaofuata hakuna kitakachorudi, na fungu la jirani liko mbali, nyuma ya mwamba.

Shina hilo la chini ndilo ghala la chakula cha mmea. Wakati wa kiangazi, mashina ya juu yanapokauka, chakula kimekwisha kushushwa chini kusubiri mvua. Ndiyo maana tete lililokatwa likiwa limekomaa na kukauka huchipua tena kwa nguvu. Lakini lile linalokatwa au kuchomwa wakati machipukizi ndiyo kwanza yanatoka, limelipa gharama mara mbili: limetoa akiba ghalani na halijarudisha kitu.

Kuna jambo la pili ambalo wachache wanalijua. Tope la chini ya maji halina hewa. Mizizi ya mahindi ikikaa humo siku chache inaoza. Tete linaishi humo kwa sababu uwazi ule ndani ya shina ni bomba la kupitishia hewa, kutoka juu hadi kwenye mizizi. Hata mashina makavu yaliyosimama yanafanya kazi hiyo. Sasa mtu akiyakata yote chini ya usawa wa maji, au akiyakata hadi ardhini halafu maji yakapanda na kufunika visiki, bomba limezibwa. Mmea unaweza kufa kwa kukosa pumzi, ingawa hakuna aliyegusa mzizi.

Kwa ziwa linalopanda na kushuka kama letu, hilo si jambo la kupuuza. Kwa kawaida maji ya Tanganyika hufikia kilele chake mwishoni mwa masika, mnamo mwezi Mei, kisha hushuka taratibu hadi mwisho wa kiangazi. Huo ni mzunguko wa kila mwaka. Lakini kuna mzunguko mwingine mrefu, ambao huwa tunausahau.

Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 na kumkuta Livingstone, aliona soko likiwa nchi kavu. Aliporudi mwaka 1876 alieleza kwamba miti ya jamii ya michikichi iliyokuwa pale sokoni sasa imezingirwa na maji. Ziwa lilikuwa limepanda. Mnamo mwaka 1878 maji yaliupasua mlango wake wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata yakashuka kwa mita kadhaa. Matokeo yake Ujiji ikaachwa mbali na maji. Reli ilipofika mwaka 1914, ilikwenda Kigoma yenye ghuba ya kina.

Watu wa kizazi chetu walidhani hayo ni masimulizi ya mababu. Kisha ikaja miaka ya 2020 na 2021. Maji yalipanda tena, yakaingia katika nyumba, mialo na mashamba, kuanzia upande wa Burundi na Kongo hadi kwetu. Mwaka 2024 yakapanda tena. Aliyekuwa na bustani ukingoni kabisa aliipoteza.

Siwezi kusimama hapa na kudai kwamba matete yangezuia ziwa kupanda. Huo ungekuwa uongo. Hakuna nyasi inayozuia mvua ya bonde zima. Lakini kuna tofauti kati ya maji kupanda na ardhi kuondoka. Maji yakipanda yanaweza kushuka. Udongo ukibebwa na mawimbi haurudi. Kazi ya matete ni kuvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika kwenye udongo, na kuushika udongo huo kwa mtandao wa mashina ya chini. Hiyo ndiyo kazi ya ukuta, na huu ni ukuta unaojijenga wenyewe bila saruji wala fundi.

Upande wa pili wa ukuta huo ni mlimani. Tunalima miteremko kutoka Mwandiga hadi Kalinzi na kwingineko, na kila mvua kubwa tunaona mito ikishuka na maji mekundu. Mradi wa hifadhi ya viumbe wa Ziwa Tanganyika ulioendeshwa na nchi nne zinazolizunguka ziwa kati ya mwaka 1995 na 2000 uliutaja udongo unaoingia ziwani kuwa miongoni mwa matishio yake makubwa. Udongo huo ukifika majini hufunika mawe ambayo samaki wengi hujilisha na kutagia, na hufunika majani ya majini.

Mvuvi anayesoma hapa asidhani habari hii ni ya wakulima peke yao. Sangara wa ziwa hili, ambao si yule wa Ziwa Victoria, hukulia kwenye majani ya maji mafupi wakiwa wachanga kabla hawajaenda kilindini. Aina mojawapo ya dagaa hutaga karibu na ufukwe. Tete linalosimama mdomoni mwa mto hupunguza kasi ya maji, tope likatua hapo badala ya kwenda kufunika mazalia. Mtu anayefyeka matete ya mdomo wa mto anamnyang'anya mvuvi mtaji wake, ingawa hajawahi kushika nyavu.

Wakubwa wa elimu nao wameiona kazi hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelitumia tete hilihili katika mabwawa ya kusafishia majitaka. Maji machafu hupitishwa taratibu kwenye changarawe yenye matete, mizizi na vijidudu vinavyoishi humo vinafanya kazi, na yanatoka yakiwa yamepungua uchafu. Kitu kinachogharimiwa na wahandisi mjini, sisi tunakichoma bure.

Sasa tuje kwenye mfuko, maana najua msomaji wa kurasa hizi anauliza: nitapata nini?

Matete yana soko la zamani. Yanajengewa uzio, dari, mabanda ya kuku, vihenge vya nafaka, na migono ya kutegea samaki. Anayetaka kibanda cha biashara chenye kivuli bila kununua mabati huanzia hapo. Kasoro ya soko letu ni kwamba tunauza mzigo bila kipimo. Mashina membamba na manene, mabichi na makavu, marefu na mafupi, yote katika fungu moja. Mnunuzi analipa bei ya lile baya kuliko yote.

Wenzetu wa Ulaya wamefanya tete kuwa biashara inayoheshimika. Uingereza kuna nyumba za bei kubwa zilizoezekwa kwa matete hadi leo, na mengi wanayoyatumia yanaagizwa kutoka nje, zikiwemo Uturuki na China. Wanayavuna yakiwa yamekauka, wanayachambua, wanayafunga mafungu ya kipimo kinachofanana. Tena baadhi ya maeneo huvunwa mwaka mmoja na kupumzishwa mwaka unaofuata. Sisemi tupeleke matete yetu Ulaya. Nasema tuanze na kipimo na uchambuzi hapahapa, kwa hoteli, wajenzi wa mabanda na wafugaji wa kuku.

Kuna na hili la dagaa. Dagaa wanaoanikwa mchangani hupata mchanga, na dagaa wenye mchanga hawana bei. Wataalamu wa uvuvi wamehimiza kwa miaka mingi vichanja vilivyoinuliwa, lakini waya wa kutandika juu yake ni gharama kwa mama mwenye mtaji mdogo. Namshauri ajaribu kichanja kimoja tu kilichosukwa kwa matete yaliyokomaa na kukauka, aweke wavu wa zamani uliosafishwa juu yake, kisha alinganishe bei ya dagaa hao na wale wa mchangani. Hesabu aifanye mwenyewe kwa kalamu, asimsikilize mwandishi wala mtu mwingine.

Na msimu unatusaidia. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wengi waliumia kimapato. Sasa angalia kalenda ya tete. Kuanzia Juni mvua zimekwisha na maji yanashuka. Kufikia Agosti mashina yamekomaa na kukauka. Msimu mzuri wa kuvuna matete unagusana na muda ambao mvuvi yuko nchi kavu bila kazi. Haitafidia mapato yote ya kipe, lakini mtu mwenye shughuli ya halali hatashawishika kirahisi kuingia ziwani usiku kwa wizi.

Najua zipo hoja za kupinga, nazo si za kudharau. Matete huficha mamba, kiboko na nyoka. Konokono wa kichocho hupenda maji yenye majani. Wakulima wa mpunga wanalalamika kwamba kwelea kwelea hulala kwenye matete na asubuhi kuvamia mashamba. Mama anayekwenda kuchota maji na mtoto mgongoni hana sababu ya kuyapenda matete, na ukimwambia habari za mazalia ya samaki atakuona umeshiba.

Jibu langu ni kwamba malalamiko haya yote yanahusu mahali tete lilipo, hayahusu kuwepo kwake. Pale wananchi wanapochota maji, wanapooga na wanapoegesha mitumbwi, pafunguliwe na paachwe wazi, tena papana. Karibu na skimu za mpunga mafungu yanaweza kupunguzwa, na mifereji isiachwe ishikwe na matete, maana yakishika mfereji yanauziba. Lakini kufungua njia za maji si sawa na kufuta ukuta mzima. Mwenye nyumba huweka mlango, habomoi nyumba kwa sababu anataka kutoka.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Tufanye hesabu. Mita 60 kwa ufukwe wa mita 100 ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Kwa mwenye shamba dogo, kumwambia aiache ekari moja na nusu bila kitu ni kumwambia alale njaa. Ndiyo maana sheria hii inavunjwa mchana kweupe, na viongozi wanatazama pembeni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani dawa ni mgambo na faini. Ekari hiyo isiwe tupu, iwe na matete yanayovunwa. Kukata tete kwa utaratibu, bila kuchimba, bila kujenga na bila kuchoma, hakuondoi hifadhi ya ukingo. Kunampa mwananchi sababu ya kuilinda. Serikali za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, viko kwenye mialo yetu. Wakae pamoja na ofisa mazingira wa halmashauri waandike utaratibu mfupi unaoeleweka.

Ningependa utaratibu huo uwe na mambo machache. La kwanza, ni marufuku kuchimba shina la chini na kuchoma fungu. La pili, fungu ligawanywe sehemu tatu, mbili zivunwe na moja ipumzike, kisha zamu ibadilike mwaka unaofuata. La tatu, kukata kufanyike kiangazi, kabla ya machipukizi, na visiki viachwe juu ya usawa wa maji, tena kwa kukadiria kwamba maji yanaweza kupanda. La nne, mifugo isiingizwe wakati wa kuchipua.

La tano ni nyeti zaidi. Tete likianza kuwa na bei, wenye nguvu watakuja. Leo mama mjane anakata mzigo wake wa uzio bila kuulizwa. Kesho mtu mwenye lori atakuja na karatasi kutoka ofisini, na mama yule ataitwa mwizi. Kwa hiyo sheria ndogo iseme wazi kwamba wakazi wa kijiji wana haki ya kwanza, na kwamba matumizi ya nyumbani hayatozwi. Kama hilo halikuandikwa mwanzoni, basi ni heri tete libaki bila bei.

Kwa mwenye ukingo uliokwisha kuwa mtupu, bado kuna nafasi. Mwanzo wa mvua, chukua vipande vya shina la chini vyenye macho mawili au matatu kutoka fungu lenye afya, kidogo kidogo bila kulimaliza. Vipande vya shina bichi vyenye vifundo navyo hushika. Vipande vya shina la chini vifukie kwenye tope lenye unyevu, na vile vya shina bichi vichomeke hapohapo vikiwa na ncha juu ya maji. Usipande kwenye maji marefu ukitarajia muujiza. Miaka ya kwanza usivune, acha litanuke.

Lakini chukua mbegu ya ufukwe wako mwenyewe. Usilete tete la mbali kwa sababu umesikia ni refu au linakua haraka. Kule Marekani aina ya tete kutoka Ulaya iliingia na kuvamia mabwawa na fukwe, ikalisukuma pembeni tete la asili la nchi hiyo, na sasa wanatumia fedha nyingi kuliondoa. Sisi tunaolijua gugumaji hatuhitaji somo hilo mara mbili.

Kuna kisa ambacho kila mtu wa Kigoma anajivunia. Mwaka 1960, pale Gombe, Jane Goodall alimwona sokwe akichukua unyasi, akauingiza kwenye kichuguu na kuutoa ukiwa na mchwa, akala. Dunia nzima ilishangaa, kwa sababu wataalamu walikuwa wanaamini ni binadamu pekee anayetengeneza na kutumia zana. Watalii wanapanda boti hadi leo kwenda kuwatazama jamaa wa sokwe yule. Mnyama wa msitu wetu aliujua unyasi kuwa ni zana. Sisi wenye jembe, kalamu na mikutano ya kijiji bado tunauita pori.

Namkumbuka yule kijana wa Luiche. Simuombi aache kulima. Namuomba arudishe bustani yake nyuma kidogo, abakize matete mbele yake, na kiangazi kikija ashike panga badala ya jembe. Atakuwa na nyanya nyuma ya ukuta na mzigo wa kuuza mbele yake. Viongozi wa kijiji chake nao nawaomba wasisubiri mradi wa wafadhili. Mkutano mmoja wa kijiji na karatasi moja iliyoandikwa vizuri vinatosha kuanza kabla ya mvua zijazo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Ukuta tunao tayari, umesimama majini na hautudai kitu. Tusiubomoe kwa mikono yetu, halafu maji yakija tuanze kuuliza serikali iko wapi.